Vumbi la Ovaroli

Mara ya tatu alipotolewa maji kifuani, Bi Khatoon hakuuliza yalikuwa kiasi gani. Mara ya kwanza aliuliza, akaambiwa lita moja na nusu, akashangaa jinsi mwili mwembamba kama wake ulivyoweza kuficha maji yote hayo. Mara ya pili aliitazama chupa mwenyewe: rangi ya chai kavu iliyodondoshewa damu. Mara hii alifumba macho tu, akaegemea meza iliyowekwa mto mbele yake, akangoja sindano itoke mgongoni ili arudi nyumbani akalale.

Alikuwa na miaka sitini na minane. Yeye na mumewe, Mzee Jusab, walikaa orofa ya pili ya nyumba kuukuu ya mawe katika Mji wa Kale. Walikuwa Wakachi, watu wenye asili ya India, lakini wazaliwa wa mtaa uleule. Walioana mwaka wa sabini na sita, wakajaaliwa mtoto mmoja tu, Aqsa, ambaye sasa ni mwalimu huko Ganjoni. Ugonjwa ulimwingia Khatoon kimyakimya. Kwanza alianza kupumzika katikati ya ngazi, mahali ambapo miaka yote alipita na kikapu mkononi bila hata kufikiri. Kisha akawa hawezi kulalia ubavu wa kulia. Kisha kikaja kikohozi kikavu, kisichotoa kitu, kilichomwacha hoi kama mtu aliyetwanga kutwa.

Zahanati ya kwanza ilisema ni nimonia. Ya pili ilimpiga picha ya kifua, ikaona maji, ikasema ni kifua kikuu. Makohozi machache yaliyopatikana kwa taabu yalipimwa, hayakuonekana viini. Maji nayo yalipimwa, hayakuonekana viini. Hata hivyo alianzishwa vidonge vya miezi sita, kwa kuwa aghalabu mtu akijaa maji kifuani huwa ni hiyo. Alivimeza vyote, asikose hata siku moja. Mkojo ukawa mwekundu, chakula kikawa na ladha ya chuma, na maji yakarudi. Kila alikokwenda, fomu iliuliza kazi ya mgonjwa, na kila karani aliandika "mama wa nyumbani" akashuka mstari wa pili.

Walipotaka kumwanzishia vidonge vilevile upya, Aqsa alisimama.

"Hapana, daktari," alisema, kwa ile sauti yake ya darasani. "Ameshavimeza miezi sita na hakuna kilichopungua. Nataka mama apigwe skani, ijulikane ndani mna nini."

Ndipo Khatoon akapelekwa skani siku moja baada ya kutolewa yale maji ya tatu, pafu lingali limepata nafasi kidogo ya kuonekana. Jusab alikwenda naye. Jusab alikwenda naye kila mahali, na siku zote yeye ndiye aliyebeba ile bahasha kubwa ya picha, akiishika kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba sinia la harusi.

Fundi wa mashine aliitwa Kioko. Alimsaidia kulala, akampandishia mikono juu ya kichwa, akamtia dawa kwenye mshipa.

"Mama, utasikia joto likipita mwilini mpaka huku chini, utadhani umejikojolea. Hujajikojolea. Ni dawa."

Khatoon alicheka, na kicheko kikazaa kikohozi, ikabidi wangoje. Kisha kitanda kikaingia katika ule mdomo wa duara, na sauti ya Kioko ikatoka ukutani: "Vuta pumzi. Izuie." Alivuta, lakini pumzi haikufika mbali. Iligonga kitu upande wa kulia ikarudi. Walirudia mara tatu. Kioko aliporudi kumteremsha, alikuwa mpole kupita alivyokuwa mwanzo. Alimtafutia viatu, akamvisha mwenyewe. Khatoon alikuwa ameshakaa na wagonjwa wengi na wafiwa wengi, akajua: mtu akikuzidishia upole ghafla, ameona jambo.

Siku mbili baadaye waliitwa. Aqsa alikuwa na mitihani ya wanafunzi, kwa hiyo walikwenda wawili. Walidhani watapewa karatasi tu waipeleke kwa daktari wa kifua. Badala yake waliingizwa katika chumba cha giza kidogo, chenye baridi ya mashine, na daktari wa picha mwenyewe akawainukia. Jina lake lilikuwa Daktari Swafia, mwanamke wa makamo, mtu wa Mombasa hasa. Aliwaamkia, akauliza hali ya nyumbani, ya mtoto, ya wajukuu ambao hawakuwapo, na hakugusa habari ya ugonjwa mpaka salamu zilipokamilika.

"Nimewaita kwa sababu nataka kuwauliza maneno ambayo karatasi haiwezi kuuliza," alisema. Akageuza kioo cha kompyuta kuwaelekea. "Tazameni. Hili ni pafu la kushoto. Ni jeusi, maana limejaa hewa, na ndivyo inavyotakiwa. La kulia hili hapa, limebanwa, limekuwa dogo. Pafu huwa limefunikwa kwa utando mwembamba kama ngozi ya kitunguu. Wako wa upande huu umekuwa mnene kama ganda la chungwa, Bi Khatoon. Una vinundu, tena umelizunguka pafu lote, mpaka huku ndani karibu na moyo."

"Na TB haifanyi hivyo?" Jusab aliuliza.

"TB huweza kunenepesha utando, mzee. Lakini si kwa vinundu namna hii, wala si kawaida kuzunguka mpaka huku ndani. Na kuna jambo lingine." Aliupeleka mshale chini ya pafu la kushoto, lile zima, penye ule msuli unaopanda na kushuka mtu anapopumua. Palikuwa na doa jeupe, bapa, kama tone la nta lililomwagika likaganda. Juu yake, kwenye ubavu, lilikuwapo jingine. "Haya ni makovu yaliyoshika chokaa. Hayaumi, na si ndiyo ugonjwa wenyewe. Lakini makovu ya namna hii, mahali hapa, nimeyaona kwa watu wa kazi fulani tu. Kwa hiyo nakuuliza, mama: umepata kufanya kazi gani maishani?"

"Kazi?" Khatoon alisema. "Nyumbani tu, mwanangu. Kupika na kulea."

"Hukufanya kiwandani hata mwaka mmoja?"

"Hata siku moja."

"Na mzee?"

Jusab alijiweka sawa kitini. Hakuna aliyemuuliza swali hilo kwa miaka, na Khatoon aliona mabega yake yakinyooka.

"Mimi nalikuwa fundi wa mabomba ya meli," alisema. "Karakana yetu haipo tena, ilishavunjwa. Mwaka wa sabini na nne mpaka wa tisini na moja. Meli ikija, sisi ndio twashuka chumba cha injini. Mabomba ya mvuke yale, ukiyaacha wazi yamuunguza mtu. Basi twabandua kivazi cha zamani, twavika kipya. Kuna kamba nene, na kuna unga mweupe, wauchanganya na maji uwe kama uji mzito, wapaka kwa mikono. Ukikauka, waukwangua ulainike. Kazi yangu ilikuwa haina mfano. Wahandisi wa meli walikuwa wakiniulizia kwa jina."

"Huo unga ulikuwa wa nini?"

"Asbesto," alisema Jusab kwa fahari. "Hiyo haishiki moto kabisa."

Daktari Swafia aliandika neno moja kwenye karatasi yake, akaweka kalamu.

"Mlikuwa mkioga kazini, mzee? Mkibadilisha nguo kabla ya kurudi?"

"Tuoge wapi? Narudi vivi hivi, kichwa cheupe. Watoto wa mtaani wakinicheka, wakisema huyo amekuwa mzee kabla ya siku zake."

"Na ovaroli zako, nani alikuwa akizifua?"

Khatoon ndiye aliyejibu, kwa kuwa aliona mumewe ameshafumbua mdomo na hakuna kilichotoka.

"Mimi," alisema. "Kila Ijumaa na kila Jumanne. Lakini kwanza nikizikung'uta, maana ukizitia kwenye maji na unga wake, maji yageuka tope na sabuni haitoi povu. Nikizikung'uta uani, nikizipiga ukutani. Miaka kumi na mitano."

Aliliona vumbi lile tena alipokuwa akisema, jinsi lilivyokuwa likining'inia katika jua la asubuhi halishuki, jembamba, zuri, na yeye amejifunga leso kichwani lakini pua na mdomo wazi. Halikuwa na harufu. Hata chafya hakupiga.

Daktari aliwaeleza taratibu. Vumbi lile ni nyuzi ndogo zisizoonekana kwa macho. Mtu akizivuta huingia mpaka mwisho wa pafu, nyingine husogea mpaka kwenye utando, zikakaa humo miaka thelathini, arobaini, hamsini, bila dalili. Wengi hubaki na makovu tu. Wachache hupata saratani ya utando. Picha zinamfanya aishuku, alisema, lakini picha peke yake haitoi hukumu, ni lazima kichukuliwe kinyama kipimwe. Kisha, kwa sauti ya chini, akaongeza: "Na wewe, mzee, nataka upigwe picha leo leo."

Jusab alipigwa. Walingoja kwenye benchi. Jibu likatoka: makovu ya chokaa pande zote mbili, mengi, makubwa kuliko ya mkewe. Mapafu yenyewe safi. Utando haukuwa na vinundu wala maji.

"Maana yake nini?" aliuliza.

"Maana yake ulilivuta vumbi, mzee, na mpaka leo halijakudhuru zaidi ya hapo. Tutakuangalia kila mwaka."

"Mimi ndiye niliyelitia mikono," alisema Jusab. "Mimi ndiye niliyekula nalo, nikalala nalo. Na mimi ni mzima?"

Kinyama kilichukuliwa wiki ile ile. Khatoon alikaa kitako, Daktari Swafia akitafuta njia kwa ultrasaundi, mkono mmoja umeshika kifaa chenye mafuta ya baridi, mwingine sindano. Palitiwa ganzi, lakini alisikia mtekenyo wa kitu kigumu ndani ya mbavu, kama mtu anayejaribu ufunguo. Mara nne. Vinyama vikapelekwa Nairobi, na majibu yakachukua wiki tatu. Yaliporudi, daktari wa kifua aliyasoma mbele yao na mbele ya Aqsa: mesotelioma, ndiyo ile saratani ya utando. Haikatiki ikaisha. Kuna dawa ya kutundikiwa kwenye mshipa kila baada ya wiki tatu, ya kuituliza na kurefusha siku. Na kuna unga wa dawa unaotiwa kati ya pafu na ubavu ili vishikane, maji yakose pa kukaa.

"Unga tena?" aliuliza Khatoon.

Daktari hakuelewa kwa nini mgonjwa alitabasamu.

Aqsa alilia njia nzima mpaka nyumbani, kisha akanawa uso, akaanza kupanga nani atampeleka mama siku gani. Hivyo ndivyo alivyoumbwa, na Khatoon alimshukuru Mungu kwa hilo. Aliyemshinda ni Jusab.

Mzee yule aliacha kula. Akawa hawezi kumtazama mkewe bila macho kumjaa maji. Akimletea chai, anasimama na kikombe mkononi, anasema, "Nisamehe, mama Aqsa," na chai inapoa wakati Khatoon anamwambia nimekusamehe, hukujua, kaa. Akimaliza kuswali, anakuja kando ya kitanda, anasema tena. Baada ya sindano ya kwanza ya dawa, Khatoon akiwa anatapika kwenye beseni, alimsikia mumewe nyuma yake akilia kwa kwikwi, ikambidi afute mdomo, ageuke, amshike mkono yeye. Wageni wakija kumtazama mgonjwa, Jusab huwapokea sebuleni na kuwasimulia habari nzima, kamba, uji mweupe, ovaroli, ukuta, na kumaliza kwa maneno yaleyale: "Mimi ndiye niliyemuua." Naye Khatoon yu chumba cha pili, yu hai, anangoja uji wake.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, lakini Khatoon aliona la mumewe lilikuwa kanda la mawe, na kila siku analileta, analitua juu ya kifua chake kilekile kibovu.

Siku moja, jua limetoka na Aqsa ameshakwenda shuleni, Jusab alikuja na chai yake. Kabla hajafumbua mdomo, Khatoon alisema, "Weka hiyo chai. Kaa."

Akakaa.

"Leo sitaki kuombwa msamaha. Wala kesho. Nimekusamehe mara mia na pumzi yangu haitoshi mara ya mia na moja. Wanisikia?"

"Nakusikia, lakini moyo wangu..."

"Moyo wako ni wako. Ugonjwa ni wangu, Jusab." Alikuwa hamwiti kwa jina, tangu azaliwe Aqsa hakuwahi kumwita kwa jina. "Usinipokonye. Usinifanye nifundishe watu kupumua na mimi mwenyewe sipumui. Nimechoka. Si kuchoka kwa kulala nikaamka. Nimechoka mpaka kwenye mifupa, na sehemu ya uchovu huu ni wewe."

Yalikuwa maneno makali, na alipokwisha kuyasema alikohoa kwa muda mrefu. Jusab hakusogea kumpiga mgongo. Alikaa mikono juu ya magoti, ile mikono mikubwa ya fundi, akitazama sakafu.

"Nifanye nini, basi?" alisema mwishowe. "Niambie la kufanya. Nikikaa bure naona wazimu waja."

Khatoon alifikiri. Aliifikiria karakana, ambayo hakuwahi kuingia ndani yake hata mara moja.

"Mlikuwa wangapi chumba kile cha injini?"

"Sisi wavikaji? Tisa. Wengi wameshakufa."

"Kwa nini?"

Jusab aliinua uso. Ilikuwa mara ya kwanza kujiuliza. Mmoja alikufa kwa gari. Wawili, ndiyo, walikufa kwa vifua. Watu walisema TB, watu walisema sigara.

"Walio hai, wake zao walikuwa wakifua," alisema Khatoon. "Nenda ukawaambie."

Aliyejulikana alipo alikuwa mmoja tu, Crispus, mtu wa Taita, aliyekuwa akishika taa Jusab anapopaka na kupaka Jusab anapochoka. Alikuwa akikaa ghorofa ya Ganjoni na mkewe Truphosa. Mara mbili Jusab alikwenda, mara mbili alirudi amekunywa chai na kuzungumza habari za mpira. Neno lilikuwa halitoki. Mara ya tatu Khatoon alijifunga buibui lake, akasema twende.

Walipanda tuktuk. Ghorofa ya akina Crispus ilikuwa ya kwanza, alhamdulillahi. Crispus alifurahi kuwaona, akamwita Jusab "fundi mkuu," wakaketi kibarazani. Truphosa, mama mnene wa Kakamega, mcheshi, kanga yake ya kanisa kiunoni, alimchukua Khatoon jikoni amtazame akisonga ugali, kwa kuwa alisema hawezi kuwaacha wageni waondoke hivi hivi. Khatoon aliketi kwenye kigoda. Alingoja mpaka ugali umegeuzwa, kwa sababu si vizuri kumpa mtu habari mbaya na mwiko wa moto mkononi.

"Mama Truphosa, zile ovaroli za karakana, ulikuwa ukizifua wewe?"

"Nani mwingine? Mwenye nyumba alikuwa ananigombeza ninamchafulia ukuta." Truphosa alicheka. "Unazikumbuka? Ungedhani wanaume wetu walikuwa wanasaga unga."

Khatoon akamwambia. Alimwambia kwa vipande, kila kipande kwa pumzi yake: maji, vidonge vya bure, ile picha, ngozi ya kitunguu, ganda la chungwa, jina la ugonjwa. Hakuongeza chumvi wala hakupunguza. Truphosa alisimama amegeukia dirisha, na alipogeuka uso ulikuwa umebadilika, lakini si kwa huruma.

"Umekuja kuniambia hivyo kwa nini?" alisema. "Sikohoi. Nalala vizuri. Nilikuwa na amani jikoni kwangu."

"Upigwe picha, mama."

"Na picha ikionyesha? Umesema mwenyewe ugonjwa huo hautoki. Utakuwa umenipa nini, Mama Aqsa, zaidi ya hofu?"

Khatoon alikuwa ameliogopa swali hilo tangu kwenye tuktuk.

"Mimi nilipoteza miezi sita nikimeza dawa ya ugonjwa nisiokuwa nao," alisema. "Kwa sababu hakuna aliyeuliza nilikuwa nikifua nini. Wewe ukianza kukohoa, uwaambie siku ya kwanza. Hilo tu. Zaidi ya hilo sina."

Kibarazani Jusab naye alikuwa ameshamwambia Crispus. Crispus alisema hatapigwa picha yoyote, maana mtu wa miaka sabini na sita akianza kujipekua ndani hakosi kuokota kitu. Walipoagana, Truphosa hakuwasindikiza mpaka chini.

Siku kumi zilipita. Khatoon alitiwa ule unga wa dawa, akalazwa siku tatu, akapata homa, ikashuka. Siku ya nne, akiwa ameketi nje ya chumba cha picha akingoja kupigwa ya kuangalia kama pafu limeshika, alimwona Truphosa akija ukumbini, amevaa gauni lake la Jumapili, mkoba chini ya kwapa, hatazami kushoto wala kulia. Alikaa benchi lilelile.

"Usiniseme," alisema Truphosa.

"Sisemi."

"Wiki nzima nimekuwa nikisikiliza pumzi yangu. Huwezi kupika ukisikiliza pumzi yako."

Kioko aliwaita mmoja baada ya mwingine. Daktari Swafia mwenyewe alitoka kumpa Truphosa jibu, naye Truphosa akasema Khatoon aingie, asikie pia, ndiye aliyeyaanza. Lilikuwapo kovu moja la chokaa upande wa kushoto, dogo kama ukucha. Basi. Mapafu mazima, utando mwembamba. Aje kila mwaka, na akipata kikohozi au maumivu ya ubavu asingoje, na popote aendapo ataje ovaroli kabla hajataja jambo jingine.

Truphosa alishika uso kwa mikono miwili, akalia kwa furaha, akamshukuru Yesu kwa sauti mpaka nesi akachungulia. Na Khatoon, aliyekaa karibu naye akimpapasa bega, alijikuta akilinganisha. Vumbi lilelile. Siku zilezile za kufua. Ukuta kwa ukuta. Kwa nini huyu ukucha na mimi ganda la chungwa? Wivu ulikuwa wa kweli, na ulimwaibisha, na kwa dakika nzima hakuweza kuinua macho.

Truphosa hakuwa mjinga. Alinyamaza, akafuta machozi kwa kitambaa.

"Samahani," alisema. "Nimeshangilia mbele yako."

"Shangilia," alisema Khatoon. "Mmoja wetu yafaa ashangilie." Na alipolisema akaona kwamba kwa kiasi fulani amelimaanisha, na kwamba hicho kiasi kingemtosha kwa leo.

Tangu hapo Truphosa alikuja kila Alhamisi. Hakuwa mtu wa kulia kando ya kitanda. Alileta magazeti ya zamani na uvumi wa Ganjoni, akamsuka Khatoon nywele mpaka zilipoanza kupungua, kisha akamfunga kitambaa badala yake. Alhamisi hizo Jusab alikuwa huru kutoka, na alitoka kweli. Aliuliza bandarini walipo wavikaji wenzake, akauliza kwenye vikao vya wastaafu wa reli, akauliza Makupa kwa madereva wa malori ambao baba zao walifanya kazi karakanani. Alirudi amechoka, vumbi la barabarani viatuni, na alikula. Msamaha hakuuomba tena kwa mdomo. Mara nyingine Khatoon alimwona akiuomba kwa macho, akageukia ukutani, na Jusab akajifanya hajaona kwamba mkewe amegeuka.

Baada ya mzunguko wa nne wa dawa walipiga skani nyingine. Daktari Swafia aliziweka picha mbili bega kwa bega, ya mwanzo na ya sasa, akapima unene wa utando hapa na pale kwa mistari midogo ya rangi.

"Haijapungua, Bi Khatoon, sitakudanganya," alisema. "Lakini haijasonga. Na maji hayajarudi."

"Kwa muda gani?"

"Hilo picha haioni."

Khatoon alimshukuru. Alipenda kwamba yule mwanamke hakupata kumwambia neno ambalo hakuliona kwa macho yake. Aqsa alimrudisha nyumbani, akampandisha orofani hatua kwa hatua, akamlaza, akarudi shuleni. Ilikuwa saa nane mchana, joto, madirisha wazi. Alikuwa akianza kusinzia simu ikalia. Jusab, yuko barabarani, sauti yake inapambana na honi za malori.

"Nimempata Tom!" alipiga kelele. "Tom yule wa kukata kamba! Yu hai, yuko Changamwe, kwa mwanawe. Asema kifua chake kizima kabisa. Nimwambie aje kupigwa picha lini?"

Khatoon alivuta pumzi, ile nusu aliyobakiwa nayo, akaisubiri itulie.

"Ana mke?"

"Anaye. Ndiye aliyenifungulia mlango."

"Basi mwambie aje na mkewe," alisema, akakata simu, akalalia ubavu wa kushoto, kisha, kwa kujaribu tu, wa kulia. Uliuma, lakini si sana. Akakaa hivyo.